Mlango wa Sajini na Geti la Wizara

Mlango wa nyumba ya Sajini uliondoka Jumatatu saa mbili asubuhi, umebebwa kichwani na seremala, na haukuaga mtu. Nyuma yake alifuata mwenye nyumba, mtu mpole kupita kiasi, ambaye hakuwahi kumfukuza mpangaji hata mmoja maishani mwake. Yeye alikuwa na utaratibu wake. Mpangaji akifikisha miezi minne bila kulipa kodi, aliyeondolewa si mpangaji bali nyumba, kipande kimoja kimoja, mpaka mpangaji ajikute anaishi kiwanjani.

"Pole sana, Sajini," alisema, akitia bawaba mfukoni. "Leo mlango. Alhamisi dirisha. Jumatatu ijayo, Mungu akipenda, bati."

"Mungu hapendi," mke wa Sajini alijibu kutoka ndani.

"Basi nitamwomba, mama. Pole sana."

Sajini alisimama mguu sawa, na fulana yake yenye matundu, hadi mlango ulipokata kona, kama mtu anayesindikiza jeneza la afisa. Kisha akageuka akaitazama nafasi uliyoiacha. Ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda cha binti yake, ambaye alikuwa msusi. Asubuhi hiyo alikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa. Mlango ulipotoka, barabara yote iliingia. Wapita njia wakasimama, wakatoa maoni kuhusu mistari, mmoja akisema imepinda, mwingine akisema kichwa chenyewe ndicho kilichopinda. Mteja akajitupia taulo kichwani, akasema atarudi kwa nusu iliyobaki siku nyumba itakapokuwa nyumba.

"Baba," binti alisema, akikusanya vitana, "hiyo serikali yako imekuahidi lini tena?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

Sajini na wenzake walipigana vita vya mpakani wakiwa vijana wenye meno yote, na serikali ikawaahidi kiinua mgongo. Ahadi hiyo ilikuwa imeishi muda mrefu kuliko baadhi ya walioahidiwa. Kila walipokwenda wizarani waliambiwa Ijumaa, nao, kwa kuwa walikuwa watu wa nidhamu, walirudi kila Ijumaa.

Siku hiyo hiyo Sajini alitandika mkeka kwenye kizingiti akatangaza kwamba, hadi hapo itakapoamriwa vinginevyo, mlango ni yeye. Alikuwa mlango mzuri. Kasoro yake moja tu ni kwamba alikoroma.

&nbsp;

Jumanne mkutano wa maveterani ulifanyika hapo hapo, kwa sababu nyumba isiyo na mlango haina haja ya kubishiwa hodi. Walikuja hamsini na mmoja, na Sajini akawa wa hamsini na mbili. Waliokosa viti walikaa kwenye ndoo, waliokosa ndoo wakakaa barabarani wakichungulia. Karibu kabisa na msemaji aliwekwa Bomba, mpiga mizinga wa zamani, aliyerudi vitani na kila kitu isipokuwa masikio.

"Shemeji, kuna chai?" mmoja alimuuliza mke wa Sajini.

"Chai ipo. Sukari ndiyo imekwenda na mlango."

"Na mkate?"

"Shemeji yangu, mkate wa siku hizi ukiuweka mezani ukapepesa macho, unadhani umeliwa. Mkigawana hamsini na wawili tutagombana."

Wakanywa chai kavu, wakazungumza kwa hasira. Mmoja alikuwa amehamia kwa mkwewe, anaogopa hata kukohoa. Mwingine alikuwa ameuza baiskeli, kisha pampu ya baiskeli, na sasa alikuwa anatafuta mteja wa kengele. Wote walikubaliana kwamba subira imekwisha na kwamba kesho wataandamana hadi wizarani.

"Lakini hatuendi kama kundi la waombaji," Sajini alisema. "Tunakwenda kwa gwaride. Safu tatu, viatu vimepigwa rangi. Serikali ikituona tumenyooka, itaona aibu."

"Na mabomu ya machozi, Baba?" aliuliza binti.

"Mwanangu, sisi tumelia miaka yote hii. Machozi yenyewe watayapata wapi?"

"Wamesema nini?" aliuliza Bomba.

"KESHO!" walimpigia kelele wote.

"Ala. Nilidhani mmesema Ijumaa."

&nbsp;

Ni lazima isemwe kwa haki kwamba yale yalikuwa maandamano mazuri kuliko yote yaliyowahi kufika kwenye geti lile. Wazee hamsini na wawili waliingia barabara ya wizara wakiwa safu tatu, mikono inapanda na kushuka pamoja, mabango yamebebwa begani kama bunduki. Bango la Bomba liliandikwa: INUENI MGONGO KABLA HAUJALALA. Makarani walijaa madirishani na vikombe mikononi. Hata mlinda geti alijikuta amepiga saluti, kisha akaushusha mkono wake na kuutazama kwa lawama.

Getini aliwasubiri Inspekta wa polisi, kijana mwenye kofia mpya, pamoja na askari kumi na wawili na sanduku la mabomu ya machozi. Inspekta hakupenda kazi ile. Babu yake mwenyewe alikuwa na mgongo kama hiyo iliyosimama mbele yake. Alilitazama sanduku, akawatazama wazee, akaona viatu vyao vimepangwa mstari mmoja kama vya kupimwa kwa kamba. Ndipo likamjia wazo, moja ya yale mawazo yanayowajia vijana bila kuitwa.

Akasogea hatua mbili mbele. Akajaza kifua.

"Kikosiii... mguu sawa!"

Visigino mia moja na viwili vikagonga lami kwa pamoja.

"Nyumaaa... geuka! Mbeleee... tembea!"

Tusiwacheke upesi. Kichwa cha mtu kinaweza kusahau jina la mkwewe na mahali alipoweka miwani, lakini kisigino hakisahau. Kisigino cha askari kilifundishwa kwa fimbo, alfajiri, na watu wasiorudia neno mara mbili. Maveterani hamsini na mmoja waligeuka kama ukurasa wa kitabu, wakaipa wizara migongo yao ambayo haijainuliwa, na kuondoka kwa hatua za fahari. Aliyebaki ni Bomba peke yake, ambaye hakusikia amri, akaendelea kudai haki kwa sauti kubwa.

"Simameni!" Sajini aliwanong'oneza wenzake huku anatembea. "Tumegeuzwa!"

"Simama wewe kwanza, afande!"

"Nimejaribu. Nimeiambia miguu ikatae, ikaniuliza cheo changu."

Wakapita sokoni, ambako wachuuzi waliacha kupima viazi ili wacheke vizuri. Wakapita kituo cha mabasi. Wakapita shule, na wanafunzi wakawapigia makofi ya kuhesabu hatua. Hakuna aliyetoa amri ya kusimama kwa sauti, kwa hiyo hakuna aliyesimama. Hatimaye wakaingia mtaani kwao, ambako mke wa Sajini alikuwa anaanika nguo mbele ya nyumba isiyo na mlango.

"Mmelipwa?" aliita.

"Bado!"

"Sasa mnakwenda wapi?"

"Hatujaambiwa!"

Mama wa watu alikuwa ameishi na Sajini miaka arobaini na miwili. Alikuwa amemsikia akiwapigisha watoto kwata kabla ya kunawa mikono. Alidondosha beseni, akaweka mikono kiunoni, akapaza sauti:

"Kikosi! Simama!"

Wakasimama, mguu mmoja, vumbi moja. Alishangaa yeye kuliko wao.

Bomba alirudi alasiri, amefurahi. Makarani walikuwa wamempa kiti na glasi ya maji. Aliripoti kwamba serikali ilimsikiliza vizuri sana, na akauliza wenzake walikuwa wapi.

&nbsp;

Alhamisi dirisha likaondoka, pamoja na pole zake mbili. Lakini siku hiyo dirisha halikuwa msiba mkubwa wa nyumba ile.

Msiba mkubwa ulikuwa kiberiti. Sajini alitumwa dukani kununua kiberiti, safari ya hatua themanini. Alipofika katikati, sauti kutoka kibarazani ikaamrisha, "Nyuma geuka!" Akageuka, akarudi nyumbani bila kiberiti. Akatoka tena. "Kushoto geuka!" Akaingia kwa jirani, akawakuta wanakula, akaomba radhi. Mara ya tatu alifika dukani, akaagiza, akalipa, na muuza duka, mtu mzima na watoto wake, akamnyooshea kiberiti kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa kujaribu tu, "Nyuma geuka." Kiberiti kikabaki kinaning'inia mkononi mwa muuza duka.

Duka zima lilicheka. Sajini alirudi nyumbani akaketi kwenye kizingiti chake, akatazama viatu vyake vilivyong'aa.

"Kesho nitatoka pekupeku," alisema.

"Miguu ni ile ile," alisema mkewe.

Alimletea chai kavu, akaketi karibu yake. Binti alikuwa ndani anahesabu wateja waliobaki, hesabu ambayo haikumchukua muda. Kupitia pale palipokuwa dirisha, upepo uliingia ukapekua kalenda, kana kwamba nao unatafuta Ijumaa.

"Jumatatu wanachukua bati," mke alisema. "Mvua ikinyesha tutakuwa tumekaa ndani tunaloa kama tuko nje. Tukienda kwa dada yangu, utalala chumba kimoja na mbuzi wake."

"Najua."

"Nakuuliza neno, Mzee. Ile hadithi yako ya ghala la risasi."

"Ipi?"

"Kwani ziko mbili? Ile unayonisimulia kila mvua ikinyesha. Ulisimama ghalani siku mbili unanyeshewa, wakaja maofisa wakakwambia toka, ukakataa. Mbona hapo hukugeuka?"

Sajini aliinua uso. Hili lilikuwa jambo la taaluma.

"Lindo ni kitu kingine kabisa, mke wangu. Mtu akiwa kwenye safu anamtii kila mwenye amri. Akiwa lindoni, hapana. Mlinzi anaondolewa na kamanda wa lindo aliyempanga, au anapokelewa na mwenzake. Wengine wote, kwake ni wapita njia."

"Hata jenerali?"

"Hata jenerali. Asipojua neno la siri, hapiti. Akilazimisha, analala chini kifudifudi kama mtu mwingine yeyote."

"Na mtu akimgusa mlinzi?"

"Amguse?" Sajini alikunja uso kama aliyesikia tusi. "Hakuna askari anayemgusa mlinzi lindoni. Hilo hata polisi wanafundishwa."

Mkewe aliweka kikombe chini polepole.

"Na huyo kamanda wa lindo anachaguliwaje?"

"Anakuwa mwenye cheo kikubwa kati ya waliopo."

Kutoka ndani, binti akasema, "Baba, kati ya waliopo hapa, mwenye cheo kikubwa tunamjua."

&nbsp;

Jumatatu kulipopambazuka, wizara iliamka ikajikuta inalindwa.

Mke wa Sajini alikuwa amewapanga kwa orodha, kwenye daftari la binti la miadi ya wateja. Wawili geti kuu, wawili geti la nyuma, mmoja mmoja kwenye kila kona ya ukuta, wanne penye maegesho. Waliobaki walilala kwenye nyasi wakisubiri zamu. Kila mlinzi alikuwa na fimbo yake ya kutembelea begani. Kamanda mwenyewe alikaa ng'ambo ya barabara juu ya ndoo iliyopinduliwa, na chupa ya chai miguuni. Geti kuu alikuwa amempa Bomba. Sajini alimuuliza kwa nini, akajibiwa kwamba kamanda haulizwi.

Inspekta alifika saa moja na nusu, bila sanduku. Hakuona tena haja ya sanduku. Alijaza kifua kwa furaha ya mtu anayejua kazi yake.

"Kikosiii... nyumaaa... geuka!"

Fimbo zilitikisika. Visigino kadhaa vilijongea ndani ya viatu. Sajini, penye geti la nyuma, alifumba macho na kuuma midomo. Lakini hakuna aliyegeuka.

"Nyuma geuka!"

Ndege mmoja tu aliruka kutoka ukutani, pengine kwa utii.

Inspekta akamwendea Sajini. "Mzee wangu, vipi leo?"

"Simama hapo hapo, afande. Nani huyo?"

"Si mimi, Mzee! Wa juzi!"

"Wa juzi, neno la siri?"

Kijana alirudi nyuma. Akachukua redio, akasogea mbali, akazungumza na mkubwa wake. "Nimewaamuru, afande, hawageuki... Hapana, hawana fujo... Wako lindoni, afande." Redio ilikoroma. Kisha sauti ya mkubwa, ambaye naye aliwahi kusimama lindoni kwenye baridi, ikasema taratibu, "Lindoni kweli kweli? Basi usiwaguse."

Makarani walianza kufika. Kila mmoja alisimamishwa, akaulizwa ni nani, akaulizwa neno, na kwa kuwa hakulijua, akaelekezwa kwa kamanda. Kamanda aliwapokea kwa upole, mmoja mmoja.

"Shikamoo mama. Eti kuna neno?"

"Marahaba mwanangu. Neno ni 'tumelipa'. Sema vizuri uingie kazini, usije ukakatwa mshahara."

Wakalisema wakicheka, wakapita. Mfagiaji mmoja alilisema kwa uchungu, kwani hata yeye hakuwa amelipwa tangu mwezi juzi. Kamanda akamwandika pembeni ya daftari.

Saa tatu na robo likafika gari jeusi la Katibu wa wizara. Bomba aliinua fimbo.

"Simama! Nani huyo?"

"Katibu!" alisema dereva.

"Nani?"

"KATIBU!"

"Katibu, shuka utambulike. Neno la siri?"

Katibu alishuka. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, aliyezoea milango kufunguka kabla hajaifikia. Alimtafuta Inspekta kwa macho, na Inspekta akawa anasoma kwa makini bango la usalama barabarani. Ikambidi avuke barabara kwa miguu.

"Mama, hiki ni nini?"

"Ni lindo, baba."

"Mnalinda nini?"

"Ahadi. Tuliambiwa iko humu ndani, nasi tukaona isije ikaibiwa."

"Nina kikao na Waziri saa tatu na nusu! Neno lenyewe ni lipi?"

Akamwambia. Katibu akabadilika rangi.

"Hilo siwezi kulisema. Likitoka kinywani mwangu, hilo ni tamko la serikali."

"Kumbe! Mbona 'tutalipa' imetoka kinywani mwenu miaka yote na haikuwa tamko?"

Simu ya Katibu ikalia. Alikuwa Waziri, aliyekuwa amefika alfajiri kabla ya lindo kupangwa, na sasa alikuwa mbele ya wageni wenye fedha za kukopesha. Katibu akasema yuko getini. Akaulizwa anafanya nini getini. Akavuka tena barabara, akatazama kulia na kushoto, akaona waandishi wawili wa habari wamefika na vinasa sauti, akainama karibu na sikio la Bomba na kunong'ona.

"Sisikii," alisema Bomba.

"Tumelipa," Katibu alisema, kwa sauti ya mtu aliye chumbani.

"Ongea, mwanangu! Mimi nilikuwa kwenye mizinga!"

Simu ikalia tena. Jasho likamtiririka Katibu hadi kwenye tai. Subira yake, ambayo haikuwahi kufanyishwa kazi, ikakatika.

"TUMELIPAAA!" alipiga ukelele. "TUMELIPA! TUMELIPA!"

Madirisha yote ya wizara yakafunguka. Vinasa sauti vilikuwa vimekwisha washwa.

"Pita, rafiki," alisema Bomba, akashusha fimbo.

&nbsp;

Wakati huo nyumbani mambo yalikuwa juu. Mafundi wa mwenye nyumba walikuwa wamefika na ngazi, wakamkuta binti ameketi katikati ya paa, mbele yake ameketi yule mteja wa nusu kichwa, na kitana kinafanya kazi.

"Shuka, mwanangu," mwenye nyumba alisihi kutoka chini. "Pole sana, lakini shuka."

"Sishuki. Nina mteja."

"Mteja naye, tafadhali, ashuke."

"Jumatatu iliyopita mliniaibisha barabara nzima," alisema mteja bila kugeuza kichwa. "Leo sishuki na nusu."

Mwenye nyumba hakuwahi kung'oa bati lililokaliwa na mwanamke. Utaratibu wake haukuwa na kifungu hicho. Mafundi wakaanzia ukingoni. Wakang'oa bati la kwanza, wakang'oa la pili, jua likaingia chumbani na kulala kitandani kwa Sajini. Walikuwa kwenye misumari ya bati la tatu pale redio ya dukani ilipotangaza habari za saa saba. Sauti ya Katibu, tena mara tatu, ikasikika mtaa mzima: tumelipa.

Mwenye nyumba aliondoa kofia. Akasikiliza hadi mwisho, hata habari za hali ya hewa.

"Rudisheni hayo mabati," aliwaambia mafundi. "Pole sana. Inaonekana Mungu kweli hapendi."

Waziri naye aliisikia redio hiyo hiyo, akamwita Katibu kumuuliza wamelipa kwa fedha zipi. Wakakaa kuamua lipi ni rahisi, kuwalipa wazee au kuiambia nchi nzima kwamba Katibu alisema uongo kwa sauti kubwa hivyo. Fedha zikapatikana kwenye fungu la ukarabati wa geti.

&nbsp;

Ijumaa, ile Ijumaa yenyewe, mhasibu alitoa meza nje akawaita mmoja mmoja. Kila mzee alipewa bahasha, akaifungua, akahesabu, akahesabu tena, kisha akamtazama kamanda.

"Hii ni nusu," mke wa Sajini alimwambia mhasibu.

"Nusu nyingine iko njiani, mama."

"Haya. Wahenga walisema heri nusu shari."

Akafungua daftari, akapitisha kalamu, na kuwaondoa lindoni wazee ishirini na sita, nusu kamili, hakuzidisha hata mmoja. Ishirini na sita wakabaki. Sajini alikuwa miongoni mwao. Mwenye cheo hutoka wa mwisho, alisema, na tangu siku hiyo hakurudi nyumbani, akawa analala kwenye nyasi za serikali.

Mwenye nyumba alilipwa miezi miwili kati ya minne. Jumatatu saa mbili asubuhi, maana alikuwa mtu wa ratiba, akaleta mlango. Seremala akaupachika, akapaka bawaba mafuta.

"Dirisha litakuja na ile nusu ya pili," mwenye nyumba alisema. "Pole sana, mama."

Alipoondoka, mke wa Sajini aliufunga mlango. Akaufungua. Akaufunga tena, akasukuma komeo, akasikiliza mlio wake. Akalivuta, akafungua.

"Mama, utauchosha," alisema binti.

"Uko kimya mno huu."

"Mlango, Mama! Ulitaka useme?"

Mama alikunja mkeka uliokuwa kizingitini, akatia chai kwenye chupa, safari hii na sukari, akaenda wizarani.

Sajini alikuwa kwenye geti kuu, fimbo begani, macho mekundu, viatu vinang'aa.

"Simama. Nani huyo?"

"Acha mchezo. Nimekuja kukupokea."

"Kamanda hashiki lindo."

"Kamanda ndiye anayesema nani anashika. Nyumbani kuna mlango, Mzee. Haukoromi. Nenda ukalale nyuma yake siku moja kama mtu."

Sajini alinyoosha mgongo, akagonganisha visigino. Kisha akamkabidhi fimbo kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Lindo ni lako. Hakuna jipya."

"Naona. Hilo jipya ndilo tunalolisubiri."

Akaondoka akihesabu hatua, na sokoni, inasemekana, mtu mmoja alimwamuru ageuke. Alitembea moja kwa moja. Alikuwa ametumwa na kamanda wake.

Inspekta, kutoka kivulini alikoshinda siku hizo, aliona mlinzi amebadilika. Aliona mwanamke mfupi, mwenye kitambaa kichwani na chupa ya chai ubavuni. Matumaini yakamrudia. Akasogea, akarekebisha kofia.

"Mlinzi!" alisema. "Nyumaaa... geuka!"

Mke wa Sajini alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi vizuri. Visigino vilikuwa pamoja.

"Mwanangu," alisema, "mimi jeshini hata kuchungulia sijachungulia. Mimi ni mke wa mtu. Lakini wewe umefundishwa, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Afande!" Sauti ilitoka chini kabisa ya miaka arobaini na miwili. "Nyuma geuka! Mbele tembea!"

Tulishasema kuhusu visigino. Inspekta aligeuka kama ukurasa, akaenda, mikono inapanda na kushuka, macho yamemtoka kwa mshangao. Makarani wakajaa madirishani. Mama alikusudia kumsimamisha baada ya hatua kumi, ishirini hivi, si zaidi, kwani hakuwa mkatili. Lakini wakati huo huo gari jeusi la Katibu likajitokeza mwisho wa barabara, na mlinzi akiwa lindoni hafanyi mambo mawili. Akalisubiri lifike, akainua fimbo.

"Simama! Nani huyo?"

Gari likasimama. Na kule mbali, karibu na sokoni, Inspekta naye akasimama.